Adapta ya waifai kwa Linux: ipi uchukue Kariakoo, ipi uiache dukani

Wadau, ukizunguka Kariakoo kuanzia Aggrey mpaka Msimbazi ukiulizia adapta ya waifai ya USB jibu ni moja, "inakubali zote boss", na hizo zote ni Windows za aina mbalimbali, Linux haimo. We uliza chipu, ile sakiti ndogo ya ndani inayofanya kazi ya waifai. Boksi linaweza kuandikwa chochote ila draiva (programu ya kuiendesha adapta) inafuata chipu, na kama draiva imo tayari kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, unachomeka tu, kazi imeisha.

Namba moja kwangu ni MediaTek MT7612U. Inashika masafa yote mawili ya waifai, 2.4 na 5 GHz, na draiva yake imo kwenye kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018, so hata Ubuntu ya kitambo inaipokea. Ukitaka Wi-Fi 6 (waifai ya kizazi kipya zaidi) kuna MT7921AU, hiyo inadai kerneli 5.18 kwenda juu (Debian 12, aina mojawapo ya Linux, ina 6.1, uko poa). Shida ni kuzipata mtaani, mara nyingi utaagiza.

Namba mbili Atheros AR9271. Ni 2.4 tu na spidi yake ni 150 Mbps, tena hiyo ya kwenye makaratasi, ila hata fameweya yake (programu inayokaa ndani ya chipu yenyewe) ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma, kitu adimu sana. Sasa hapa ndo watu wanapopigwa: TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza ndo lilikuwa na hii chipu, kuanzia la pili wakaweka Realtek RTL8188EUS na jina wakaliacha vilevile, kwa hiyo soma stika, ukiona V2 au V3 jua siyo yenyewe.

Namba tatu vile vidogo vya bei chee, RT5370 na MT7601U. Havina mbio ila vinakubali, na RT5370 hata FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta tofauti na Linux, inaitambua.

Mkiani RTL8812AU. Iko kasi, ila draiva imeingia kwenye kerneli kuanzia 6.14 ya 2025, chini ya hapo unashusha msimbo wa draiva kwenye tovuti ya GitHub unajijengea mwenyewe halafu kerneli ikiapdeti inaweza kugoma tena, na intaneti ya kushushia huna, labda uchomeke simu kwa USB ule bando.

Nenda na laptop yako. Chomeka kabla hujalipa, andika lsusb kwenye terminal, ni amri ya kuorodhesha vifaa vya USB na namba zao: ukiona 0e8d:7612 (MT7612U), 0cf3:9271 (AR9271) au 148f:5370 (RT5370), lipia. Ikija 0bda:1a2b imejifanya diski ya draiva za Windows, hapo hujajua chipu bado, inabidi uigeuze kwanza kwa programu ya usb_modeswitch. Na muuzaji akikukatalia kuchomeka, duka la jirani liko wazi.