Kliniki ya wanyama Mbeya kwa safari ya nje: sindano safi, karatasi zinahitaji jicho lako

Anayehama na mbwa au paka kutoka Mbeya kwenda Ulaya ajipe miezi minne na ushee. Kliniki binafsi tunayoipitia hapa, iliyoko mjini, inatoa chipu (kidude kidogo chenye namba ya kumtambua mnyama), chanjo, kupima damu na cheti kwa pamoja. Kwa chipu na chanjo wapelekee bila wasiwasi. Damu uisimamie, na kalenda uishike mwenyewe.

Wanachokifanya vizuri ni mpangilio. Chipu husomwa kwa mashine kabla haijatoka kwenye pakiti, huwekwa chini ya ngozi katikati ya mabega, husomwa tena, ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa inafuata. Umoja wa Ulaya hauitambui chanjo iliyotangulia chipu, hata kama mbwa amechanjwa kila mwaka tangu udogo wake. Chipu zao ni za tarakimu 15, zinazofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, kwa hiyo zinasomeka viwanja vya ndege vya huko. Mnyama wa chini ya wiki 12 hawamchanji kwa ajili ya safari, na wako sahihi.

Friji yao nayo inaridhisha. Chanjo hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, kipimajoto kiko ndani, na daftari linajazwa asubuhi na jioni. Umeme ukikatika kuna kasha la barafu, na vichupa havigusani na barafu, maana chanjo iliyoganda imeharibika sawa na iliyopata joto. Stika ya kichupa hubanduliwa na kubandikwa kwenye kadi ili namba ya toleo ionekane. Kadi za chanjo ya bure inayotolewa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, mara nyingi hazina stika wala namba ya chipu. Chanjo yenyewe inamkinga mbwa na mtaa mzima, basi mpeleke, ila kadi ile haitamvusha.

Kwenye damu ndiko tunakowakatia alama. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya imeziondolea kipimo cha kingamwili, yaani kinga ya kichaa cha mbwa iliyojengeka kwenye damu baada ya chanjo, kwa hiyo kipimo hakikwepeki. Damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kiwango cha kingamwili kiwe angalau 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita, na kuanzia siku ya kutoa damu unasubiri miezi mitatu. Aliyechanjwa Januari 5 anatolewa damu kuanzia Februari 4 na kuingia Ulaya kuanzia Mei 4. Mbwa mwenye umri mdogo na dozi moja tu ndiye hufeli mara nyingi, hasa damu ikichelewa, kwa sababu kingamwili hupanda kisha hushuka. Omba dozi ya pili wiki tatu au nne baada ya ya kwanza, halafu kwa usalama hesabu siku 30 kutoka hiyo ya pili. Kliniki hii haimshauri mteja hivyo mpaka aulize.

Kasoro nyingine ni kuipeleka damu nzima Dar es Salaam kwa basi la usiku. Kwa mtikisiko wa njia ile chembe nyekundu hupasuka, seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) inageuka nyekundu, na maabara inaweza kuikataa. Sisitiza damu ya mililita 4 au 5 iachwe igande kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, izungushwe kwenye mashine hapohapo Mbeya, na seramu pekee ndiyo isafiri ikiwa na baridi. Namba ya chipu iandikwe kwenye kichupa na kwenye fomu. Maabara lazima iwe kwenye orodha ya Ulaya, kama ANSES ya Nancy, Ufaransa. Ada ya maabara na usafirishaji haimo kwenye bei wanayokutajia, kwa hiyo ulizia kabla.

Ukifaulu, jibu hilo linadumu maisha yote ya mnyama mradi chanjo za marudio zisipitwe na tarehe. Ikipitwa hata siku moja, unaanza upya. Na tarehe ziandikwe mwezi kwa jina, si 5/1, kwani kuna watakaoisoma kama Mei mosi.

Cheti cha afya cha Ulaya kina siku 10 tu tangu kutolewa hadi ukaguzi wa kuingia, na sahihi ya daktari binafsi peke yake haitoshi. Anahitajika daktari wa mifugo wa serikali, pamoja na kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kliniki hukitayarisha mapema mno, jambo la hatari kwa anayeanza safari Nyanda za Juu. Kosa lilelile hulifanya kwenye dawa ya minyoo ya tegu: kwa mbwa anayekwenda Ireland, Malta, Finland, Norway au Uingereza, dawa hiyo hutolewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuwasili. Iliyotolewa Mbeya wiki moja kabla ni kazi bure.

Wa Marekani wana sheria zao: tangu Agosti 2024 mbwa awe na umri wa angalau miezi 6, na atokaye Tanzania anahitaji fomu ya chanjo na chipu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, yenye idhini ya daktari wa serikali. Hata wa kuvuka Tunduma au Kasumulu aulizie kwanza kibali cha nchi anayoingia.

Kreti wanazouza ni imara, lakini pima kabla hujalipa. Urefu wa ndani uwe urefu wa mbwa kutoka pua hadi shina la mkia, ukiongeza nusu ya kimo cha mguu kutoka sakafuni hadi kiwiko. Upana uwe mara mbili ya mabega. Vibanio vya plastiki vibadilishwe kwa bolti za chuma. Na wakikupa dawa ya kumlaza mbwa ndani ya ndege, ikatae: inashusha presha na kuharibu pumzi mahali ambapo hakuna wa kumsaidia.