Matembezi ya Mji Mkongwe: wakubwa walipokuwa watoto

Maneno ni yangu, anayechapa ni mjukuu wangu, maana macho yangu na herufi za simu hawapatani tena. Mimi ni mtu wa Wete. Niliingia chomboni nina miaka 11, kazi yangu kutoa maji ngamani, chini kabisa ya chombo, na kuwachemshia mabaharia chai. Nikapanda mpaka unahodha, nikaiacha bahari goti liliponikatalia. Katika miaka yote hiyo, nikikutana na nahodha nisiyemjua, swali langu la kwanza lilikuwa alianzia kazi gani. Aliyewahi kutoa maji ngamani anajua chombo kinavuja wapi.

Kwa hiyo mtoto wa dada yangu wa Mwembetanga aliponambia kuna kijana anatembeza watu Mji Mkongwe kwa miguu, akisimulia watu mashuhuri walikuwa nani kabla hawajawa mashuhuri, wema wao na wabaya wao, sikutaka kuhadithiwa. Tulikuwa tumekuja Unguja kwa ajili ya macho yangu, na Jumamosi ile hatukuwa na miadi. Mjukuu yuko kidato cha kwanza, historia anaipenda kuliko chakula.

Bei ya mwenyeji ni shilingi 15,000, mwanafunzi 7,000. Nilimuomba kijana kitambulisho cha kazi kabla sijatoa pesa, kwani pale Forodhani papasi, wale wanaowaandama wageni, hawakosekani, akanionesha bila ya kununa. Akaniamkia, akaniita Babu, akauliza goti langu linaweza ngazi ngapi. Tulikuwa watu 6. Tulianza saa 3 asubuhi, tukamaliza adhana ya Adhuhuri inakaribia.

Alianzia mbele ya Beit al-Ajaib, au tuseme mbele ya uzio wake, kwani sehemu ya jengo ilianguka Disemba 2020. Hapo akamleta Sayyida Salme, binti wa Sultan, na hapo hapo akateleza: alisema bibi huyo alicheza utotoni ndani ya jumba lile. Mjukuu akanyoosha mkono kama yuko skuli. "Kaka, Beit al-Ajaib imejengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na Salme aliondoka 1866." Kijana akanyamaza, akatoa daftari mfukoni, akaandika, akasema, "Ahsante, mdogo wangu, sitarudia." Nimempa nyota kwa hilo peke yake. Nimewahi kuwa na manahodha waliopanda mwamba kwa kukataa kusikia neno la mtoto aliyekaa omoni, mbele ya chombo.

Baada ya hapo hakukosea. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, Sultan wa Zanzibar, na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Kusoma alifundishwa kama watoto wenzake wa kike, lakini kuandika hakukuwa kwa wasichana. Akajifundisha kwa siri, akifuatisha herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kijana alikuwa na kipande cha mfupa wa ng'ombe na kalamu ya mwanzi mkobani, akampa mjukuu ajaribu kuandika jina lake. Wino ulitapakaa, mkono ukatetemeka, herufi tatu zikamchukua dakika nzima. Kisha akatueleza kalamu ile ilimfikisha wapi: mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Sultan Majid, waliokula njama walihitaji mtu wa kuandika barua, na aliyejua kuandika ni Salme, msichana wa miaka 15. Nyumba ilipozingirwa, Barghash akatolewa katikati ya wanawake, amefunikwa mavazi ya kike, askari wakawapisha. Mwisho njama ilivunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Aliporudi na kuupata usultani mwaka 1870, tayari alikuwa mtu aliyeuona ulimwengu mwingine.

Salme naye akaondoka Agosti 1866 katika manuari ya Kiingereza, Highflyer, mja mzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani, kuelekea Aden. Hapa niliomba ruhusa nikaongeza la kwangu: Agosti ni kusi. Upepo uko nyuma ya mtu anayekwenda kaskazini, unamsukuma, na kurudi hawezi mpaka msimu ugeuke. Kijana aliniomba nirudie ili aandike na hilo.

Shangani tulipita mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Kuingia ndani ni malipo mengine, sisi hatukuingia. Watu wawili katika kundi walikuja kwa ajili yake tu, wakapiga picha nyingi. Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, alizaliwa hapa Unguja Septemba 1946, baba yake mshika fedha wa serikali. Ana miaka 8 akapelekwa skuli ya dahalia Panchgani, Uhindi, ndiko alikoanza kuitwa Freddie na kupiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirudi nyumbani, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Kijana alikaa hapo robo saa nzima na nyimbo zake. Mimi ningependa azungumze zaidi juu ya mtoto wa miaka 8 anayevushwa Bahari ya Hindi bila ya mama. Nimewabeba watoto wa umri huo kutoka Wete kuja Unguja, usiku mmoja tu, na nakumbuka walivyolia tulipotoka mlangoni mwa bandari.

Sasa niseme lililonikera, na namwambia kijana kwa mapenzi. Ni nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Nyumba iko Shangani, ina mlango wa nakshi, wanaishi watu ndani, kwa hiyo tulisimama nje kwa adabu. Akatusimulia vizuri kwamba Hamad bin Muhammad el Murjebi alizaliwa hapa Unguja katika miaka ya 1830, na kwamba ana miaka 12 alianza safari ndogo ndogo za kuuza sandarusi, utomvu mkavu wa mti, pamoja na jamaa zake. Ana 18 baba yake akamchukua bara, Unyanyembe ya Tabora hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hayo ameyasimulia mwenyewe Tippu Tip uzeeni, kwa Kiswahili hiki hiki chetu, kabla ya kufa mwaka 1905. Yote sahihi. Lakini jinsi kijana alivyoyasema, ungedhani anasifu kijana mchapakazi aliyeanza na mtaji mdogo. Pembe za ndovu zilitajwa mara nyingi. Waliozibeba kichwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, mpaka pwani, na waliokamatwa na kuuzwa, wakapata sentensi moja.

Kisha, baada ya nusu saa, tukafika Mkunazini penye kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na pale uso wake ukabadilika, akazungumza kwa uchungu wa kweli. Tuliteremka katika vile vyumba vya chini ambamo inasemekana watumwa walifungiwa, dari fupi, mjukuu akanishika mkono. Nikajiuliza kwa nini mambo haya yametengwa. Sandarusi, bunduki, pembe na minyororo ni safari moja ya mtu mmoja. Ushauri wangu: utoto wa Tippu Tip usisimuliwe mbele ya mlango mzuri. Usimuliwe Mkunazini, watu wakitoka katika vyumba vile, ndipo waulize mtoto wa miaka 12 aliyeuza sandarusi alifikaje huko. Nilimwambia hivyo hivyo, akasikiliza.

Kilichonirudisha moyo ni Jaws Corner. Tulikaa barazani, kahawa ikaja na kashata, kijana akatoa chungu cha udongo, cha kweli, kizito. Akamwambia mjukuu akitie kichwani, azunguke uwanja mara moja, na atangaze bei kwa sauti ili watu walio ghorofani wasikie. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili mzee mmoja dirishani akauliza, "Unauzaje, binti?" na baraza zima ikacheka kwa furaha. Ndipo akasema: Fumba, mwaka 1880, alizaliwa mtoto akaitwa Mtumwa, na jina lenyewe linaeleza wazazi wake walikuwa nani. Nyumba yao ilifinyanga vyungu, naye akavitembeza kwa miguu akinadi. Watu waliijua sauti yake kabla hawajamuona. Mwaka 1911 akahamia mjini, Muhsin Ali akamfundisha muziki, na mwaka 1928 Siti binti Saad, kama alivyoitwa sasa, akaenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, kwa Kiswahili. Kijana akakichukua chungu, akakirejesha mkobani, hakuongeza neno. Mjukuu ananiambia hapo ndipo alipotaka kulia. Na mimi nasema hapo peke yake panatosha shilingi zote tulizotoa.

Tulivuka Darajani tukamalizia Kisiwandui kwa Mzee Abeid Amani Karume. Alizaliwa mwaka 1905, akawa baharia wa meli, akarudi akasimama na wenziwe wa maboti waliokuwa wakishusha abiria kutoka melini kuja pwani. Kazi ile naijua. Unamshika mkono bwana mkubwa asidondoke majini, mawimbi yanapanda, yeye hakutazami usoni. Mtu aliyeifanya kazi hiyo akawa Rais wa Zanzibar, akauawa pale pale Kisiwandui, 7 Aprili 1972.

Lawama yangu ya pili ni ya Mpemba. Saa tatu nzima, Pemba haikutajwa. John Okello, Mganda wa Lango, alifika Pemba mwaka 1959, akafanya kazi za kibarua, na katika Mapinduzi ya Januari 1964 sauti yake ikatoka redioni akijiita Field Marshal. Miezi michache baadaye hakuruhusiwa tena kukaa visiwani. Nani hataki kujua kibarua alifikaje pale? Na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini kule Pemba, ambaye wazee wetu wanasimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio, mbona yeye hana nafasi katika hesabu ya wabaya? Kijana alikiri kwamba Pemba hajawahi kufika. Nimempa namba yangu. Akija, ngome ya Pujini nitampeleka mwenyewe, na chakula kipo.

Kwa anayetaka kwenda: vaeni viatu visivyoteleza, vyumba vya Mkunazini vina kiingilio chake mbali na malipo ya kijana, na wenye magoti kama yangu mwambieni mapema, anajua vichochoro visivyo na ngazi. Siku za meli kubwa za watalii msiende, Shangani haipitiki. Nimempa nyota 4 kati ya 5. Mjukuu anasema tano. Ya tano nimemuwekea mpaka amhamishe Tippu Tip.