Ile filmu ya bluu ya kutengenezea plaki nyumbani: 0.2 sawa, 0.1 ni maneno ya muuzaji

Bandugu wa elektroniki hapa Bukavu, rola ya filmu ya bluu (ile unabandika juu ya shaba ya plaki ya saketi, mwangaza unaikausha pale mistari itabakia) niliyonunua dola 7 kule Kadutu nimefika nusu yake, sasa naweza kusema. Muuzaji alinihakikishia eti inatoa mistari ya upana wa 0.1 milimeta. Kwangu 0.2 inatoka kila mara, 0.15 inatoka siku ikipenda, 0.1 sijaiona bado.

Ila tusiionee filmu. Zamani nilikuwa nabandika toner (wino wa unga wa imprimanti, yaani printa) kwa pasi na karatasi ya magazeti yenye kung'aa, na chini ya 0.3 ilikuwa vita tu, toner inatambaa ao inabakia kwenye karatasi. Hapa tumeendelea. Shida kubwa ni imprimanti, yangu ya 600 dpi (nukta 600 kwa inchi) nukta yake moja ni kama 0.04 mm, kwa hiyo mstari wa 0.1 ni nukta mbili na kidogo, ukingo unatoka meno-meno kama msumeno. Halafu perkloriri (dawa ya kula shaba) nayo haili kwenda chini tu, inakula na pembeni chini ya filmu, na shaba yenyewe ni mikroni 35, basi ikikula hivyo huku na huku mstari wa 0.1 unabakia uzi wa 0.03, ukigusa na brashi umeenda.

Kitu kilinisaidia sana: ile plastiki uliyoprintia mchoro, upande wake wenye wino ulalie filmu yenyewe, na juu uweke kioo kizito. Nilivyokuwa nageuza, mwangaza ulikuwa unapenya pembeni na nafasi za katikati zinajifunga.

Na msisahau kubandua ile plastiki ya juu ya filmu mbele ya kuosha na soda (karbonati ya sodiamu). Mimi nilisugua nusu saa nzima, gramu 10 kwa lita kama inavyotakiwa, nikalaani soda, nikalaani duka, kumbe plastiki bado iko pale inanicheka.

Plaki ya chip ATmega328 ya TQFP (ile ya mraba bapa), yenye miguu inayofuatana kila 0.8 mm, imetoka safi mara nne. Chip ya 0.5 nilijaribu mara tatu, mbili zikashikana miguu, plaki ya ile nimeamua kuagiza kiwandani tu.

Nyota 4. Ya tano nimemnyima muuzaji, filmu haina kosa.