Jedwali la ICE katika ujenzi wa Goma: kwenye simenti limepatia, kwenye jiwe limekosea

Jedwali la ICE (Inventory of Carbon and Energy, yaani orodha ya hewa ukaa na nishati ya vifaa vya ujenzi), lililoanzia Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, hupakuliwa bure na kufunguliwa kwa Excel. Kila kifaa cha ujenzi kimeandikiwa kilo za hewa ukaa kwa kila kilo yake, tangu machimboni hadi mlango wa kiwanda. Safari ya kufika kiwanjani unaijumlisha mwenyewe.

Kwenye simenti ni msaada mkubwa. CEM I, simenti ya klinka karibu tupu (klinka ni mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa), imeandikiwa karibu kilo 0.9, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 45 hivi. Lakini soma maandishi ya mfuko kabla ya kuchagua mstari: CEM II/B-P ina pozolana (majivu au mawe ya volkano yaliyosagwa) asilimia 21 hadi 35, na pozolana haipiti kwenye tanuri la klinka, hivyo hewa ukaa yake ni ndogo. Ukikosea hapo, hesabu ya nyumba nzima imeharibika. Barabara, ambayo wengi huilaumu, ina sehemu ndogo: lori la tani 30 likimaliza lita 400 za mazuti (dizeli) kwenda na kurudi, kwa kilo 2.68 za hewa ukaa kila lita, mfuko unaongezewa chini ya kilo 2. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kutoka dukani haiongezi kitu.

Tatizo ni jiwe. Limepewa karibu kilo 0.08, namba ya machimbo ya mashine. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa mawe ya volkano hula takriban kilo 1,500 za mawe na mifuko 2 ya simenti. Ukifuata jedwali, mawe yanatoa kilo 120, simenti 90. Haiwezekani! Jiwe la Goma hupasuliwa kwa nyundo na mtaimbo. Mazuti ni ya lori tu. Lita 5 kwa mzigo wa mita 5 za ujazo ni kilo 2.7 kwa kila mita ya ujazo. Futa namba ya jedwali, weka hiyo, ndipo utaona pa kuokoa: kwenye mapengo kati ya mawe, yanayojazwa simenti. Fundi akichagua mawe yanayokaliana na kushindilia vijiwe katikati, simenti inapungua palepale.

Kwa matofali ya kuchoma ya Lubumbashi, usitumie kabisa namba ya tanuri za gesi za Uingereza. Pima kuni kavu: kilo moja hutoa karibu kilo 1.8 za hewa ukaa. Kisha gawanya kwa matofali yaliyoiva, si yote yaliyopangwa, kwa sababu yale ya pembeni mwa tanuri mara nyingi hubaki mabichi.