Kikao cha kabla ya kuomba kibali cha kuweka mali nje: niliyoyakuta

Huduma ninayoiongelea hapa ni kile kikao cha ushauri pale ofisi ya mipango miji kabla hujajaza fomu, sio kibali chenyewe. Kama biashara yako mali inalala nje, mabomba, vyuma, mbao, matenki, yaani chochote kisichoingia stoo, basi hii inakuhusu. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Mi nilienda nikiwa tayari nimeshapewa notisi ya kuweka mali nje bila kibali. Kichwani najua kiwanja ni cha biashara na karatasi zake zote ninazo, sasa kosa liko wapi? Dada aliyenipokea hakuanza na habari za faini wala vitisho, alikunjua ramani ya kiwanja akaniuliza, kaka, hivi vitu vya mbele unavionyesha au unavitunza? Nikamwambia si kitu kimoja hicho. Akasema hapana, na kwa kweli hapo ndo nilianza kuelewa notisi yangu ilitoka wapi. Bidhaa unazotoa asubuhi mteja azione halafu jioni unarudisha ndani, hayo ni maonyesho, na sehemu nyingi yanaruhusiwa mbele ya duka kwa masharti mepesi. Ila rundo la mabomba linalokaa palepale wiki nzima, mvua yake jua lake, hiyo ni stoo ya nje hata kama kila bomba umelibandika bei. Alafu stoo ya nje nayo iko ya aina mbili, kuna inayosaidia biashara iliyomo kwenye jengo, na kuna yadi ambayo yenyewe ndo biashara. Kanda za maduka mara nyingi huikubali ile ya kwanza, tena iwe nyuma au pembeni ya jengo na isigusane na mpaka wa jirani, hii ya pili wanaipeleka kanda ya viwanda. Miaka yote niko kwenye hii kazi hakuna mtu aliyewahi kunifafanulia hivyo.

Jambo la pili lilikuwa kontena, nalo peke yake lingetosha kulipia safari. Nilishapanga kununua moja niliegemeze kwenye uzio nikiamini litajificha. Akauliza uzio una kimo gani, nikasema mita 1.8. Kontena la kawaida lina mita 2.59, yale marefu yanafika karibu 2.9, na sharti linasema mzigo usipite kimo cha uzio, kwahiyo jirani angekuwa anafungua dirisha anakutana na bati. Tukalihamishia nyuma ya jengo palepale kwenye mchoro, kwa penseli, kabla sijatoa hata senti.

Kuhusu mbao alinituma kwa watu wa zimamoto na sikukasirika, maana mbao zangu zilikuwa zimebana njia ya kuingilia gari lao. Wanaofuata kanuni za IFC, yaani kanuni za kimataifa za kujikinga na moto, wanataka upana usiopungua futi 20, kama mita 6.1 hivi, na mi nilikuwa nimeacha nafasi ya foklifti tu. Nikiikumbuka ile njia usiku huwa naogopa.

Nikamuuliza pia lile ambalo wenzangu wote wanasema, kwamba mtu akishakaa siku nyingi hawawezi kumgusa. Akanieleza kwamba kinga ya matumizi ya zamani inamlinda aliyeanza kihalali kabla sheria haijabadilika, na hata yeye akitaka kupanua inabidi aombe upya. Mimi nilianza bila kibali, kwahiyo kwangu haikusaidia kitu.

Sasa hiyo nyota moja imepotelea kwenye uzio. Karatasi waliyonipa imeandikwa "uzio unaofaa", basi. Nikaenda nikanunua neti ya kijani, nikafunga yadi nzima na vijana wangu siku mbili, mkaguzi akaja akasema anaona mzigo kwa ndani, anataka kitu kisichopenyeza macho. Imeandikwa wapi? Ipo kweli, ila kwenye kifungu kingine kabisa ambacho fomu haikitaji, na hata pale kaunta hakuna aliyelisema. Iliniuma sana, manake mfanyabiashara mdogo akishanunua kitu mara moja hana hela ya kukinunua tena, na ni sentensi moja tu wangeiongeza, kimo kadhaa, kisionyeshe ndani, bati au tofali au mbao zilizobanana. Waiongeze jamani, watu wanaumia.

Ukienda beba picha za yadi ilivyo sasa hivi, usiisafishe kwanza, na pima mwenyewe umbali wa rundo hadi mpaka, hadi barabara na hadi mtaro wa maji. Mtaro watakuuliza tu, kwasababu rangi, saruji na oili zikioshwa na mvua zinaelekea huko, na mimi hilo nilikuwa sijalipima, nikalazimika kurudi siku ya pili.