Majina ya mashine ofisini: faili la hosts au dnsmasq?

Kama ofisi ina kompyuta tatu nne na printa moja, faili la hosts (orodha ya majina ya mashine na IP zake, yaani namba zake za mtandao, inayokaa ndani ya kila kompyuta) linatosha kabisa, unafungua /etc/hosts (kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc) unaandika IP, unaacha nafasi, unaandika jina, basi, hakuna seva ya kuwasha wala nini. Hata intaneti ikikata majina bado yanafanya kazi.

Shida inaanza IP ya printa ikibadilika, sababu hapo inabidi uzunguke mashine moja moja kurekebisha, na ukisahau moja tu utaitwa "mbona haiprinti". Na simu ndo usiseme, Android bila kuruti (kuifungua simu upate ruhusa zote) huligusi hilo faili.

Dnsmasq, programu ndogo ya kujibu mashine zikiuliza jina fulani lina IP gani, unaiweka sehemu moja tu, kwenye ruta au kikompyuta chochote kisichozimwa, yenyewe inasoma /etc/hosts ya hiyo mashine halafu inajibu mtandao mzima, simu zikiwemo, na ukiipa na kazi ya DHCP (kugawa IP) inajua majina ya mashine zinazoomba IP bila wewe kuandika kitu. Ila ikizima, majina ya tovuti nayo hayajibiwi, ofisi nzima itakwambia intaneti imekufa, hata kama laini iko poa! Alafu msitumie .local mwishoni mwa majina yenu jamani, hiyo ni ya mDNS (mashine kutafutana zenyewe bila seva), mtapata vurugu za ajabu, wekeni home.arpa.

Mi mashine zikishazidi tano naenda dnsmasq moja kwa moja, na IP ya seva na printa nazifunga hukohuko kwenye DHCP zisibadilike.