Seti ya 303 ya kusafisha na kulinda paa la kitambaa: maoni kutoka Mombasa

Mwenye gari la zamani la paa la kukunja anayeishi Mombasa ana maadui ambao wenzake wa Nairobi hawawajui sana: hewa ya chumvi, unyevu unaoleta ukungu tangu masika yanapoanza, utomvu wa mwembe na, kuliko vyote, kunguru. Gari ninalolizungumzia ni Mercedes-Benz 280SL ya mwaka 1979, ya aina ya R107 iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1989, yenye paa jeusi la kitambaa na dirisha la nyuma la plastiki laini. Seti niliyoitumia ni ya 303, chapa ya Marekani, nayo ina chupa mbili za mililita 473: moja ni ya kisafishaji, na ya pili, iitwayo Fabric Guard, ni ya dawa inayopulizwa baada ya kitambaa kusafishwa na kukauka. Hukumu yangu naitoa mapema: seti ni nzuri, ila wengi huinunua wakitarajia ifanye kazi ambayo si yake.

Kitambaa cha paa la namna hii si tabaka moja. Juu kuna nyuzi za akriliki, chini kuna kitambaa chepesi kinachoonekana ukiwa umeketi ndani ya gari, na katikati kuna utando wa mpira, ambao ndio hasa unaozuia mvua isikudondokee kichwani. Fabric Guard haizibi tundu, haishoni mshono uliofumuka, wala haitengenezi mpira uliopasuka penye mikunjo. Inachofanya ni kuzizuia nyuzi za juu zisinywe maji, ili uchafu usipate pa kushika na ukungu usipate unyevu wa kuotea. Ambaye paa lake linavuja amtafute kwanza fundi wa maturubai na viti vya magari, kisha ndipo afikirie chupa.

Kisafishaji kilinifurahisha kuliko nilivyotazamia. Nililifyonza vumbi lote kwa mashine, hasa kwenye mishono na ukingo wa juu ya kioo cha mbele, nikalilowesha paa zima kivulini, kisha nikapuliza kisafishaji kipande kwa kipande na kusugua taratibu kwa brashi ya manyoya laini, bila kukiacha kikaukie juu ya kitambaa. Povu lililoingia jeupe lilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na hilo ni paa lililokuwa likionekana safi. Madoa ya kunguru nilikuwa nimeyafunika kwa kitambaa chenye maji mpaka yakalainika, kwa kuwa ukiyasugua yangali makavu, chembe zake hukwaruza nyuzi. Ni muhimu pia kuosha paa lote badala ya doa peke yake, la sivyo utabaki na duara safi katikati ya paa chakavu, nalo litakukera zaidi ya doa lenyewe.

Kazi kubwa ni kusuuza, na hapa mazingira ya Pwani yanadai uangalifu ambao maelezo ya kwenye chupa hayawezi kuutaja. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na yakikaukia kwenye kitambaa cheusi huacha weupe unaoonekana kwa mbali. Tumia maji ya bomba yakipatikana, maji ya mvua uliyokinga, au ununue maji yasiyo na chumvi ya boza. Usione uchungu wa gharama hiyo. Suuza mpaka ukikibonyeza kitambaa kusitoke povu hata kidogo, kwa sababu mabaki ya sabuni huvuta maji, na dawa ya kuyafukuza maji haiwezi kufanya kazi juu ya kitu kinachoyavuta. Kwa sababu hiyohiyo siafiki sabuni ya unga. Jiki nayo huula uzi wa mishono, na mashine ya presha ya kuoshea magari hufumua kile ambacho jiki imebakisha.

Fabric Guard hutaka kitambaa kikavu kabisa na siku yenye joto. Joto tunalo, ukavu ndio adimu, kwa hiyo afadhali kufanya kazi hii wakati wa kaskazi, kabla ya mvua. Funika rangi ya gari na vioo kwa nailoni, uishike kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na usisahau lile dirisha la plastiki, ambalo dawa hii haitakiwi kuligusa. Harufu yake ni kali, hivyo gereji iliyofungwa haifai. Nilipuliza kwa mapito mepesi yanayopishana mpaka kitambaa kikalowa sawasawa, nikaliacha paa likiwa limefungwa usiku kucha. Asubuhi matone ya maji yalisimama juu yake na kuteleza kwa kupulizwa tu, ilhali kitambaa chenyewe hakikubadilika mguso wala kung'aa, jambo ambalo kwa gari la umri huu nalithamini sana.

Rangi iliyopauka, hata hivyo, hairudishwi na seti hii. Kwa hilo kuna dawa za kutia rangi upya, kama zile za Renovo ya Uingereza, ambazo ni kazi nyingine na gharama nyingine. (Muosha magari mmoja aliwahi kunishauri nipake rangi nyeusi ya viatu, nilimshukuru nikaondoka.) Wala Fabric Guard haimpi mtu ruhusa ya kukunja paa bichi: kwenye R107 paa huingia chini ya kifuniko cha chuma nyuma ya viti, mahali pasipopita hewa, na unyevu ukifungiwa humo ukungu utaota upande wa ndani ambao hukuupulizia chochote.

Kwa paa la kitambaa la gari la viti viwili, chupa hizi zinatosha kwa mara moja nzuri, na ningeziagiza tena bila kusita. Mwenye paa la vinaili, yaani plastiki inayofanana na ngozi, kama yale ya magari mengi ya MGB ya Uingereza, asinunue seti hii. Vinaili huhitaji dawa ya kuikinga na jua, na kampuni hiyohiyo inauza nyingine, Aerospace Protectant, iliyokusudiwa kazi hiyo.